Andika Kazi Kabla ya Kumwita Fundi Rangi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya pamba, mihogo na mifugo. Leo tuzungumze juu ya nyumba. Tena tuzungumze juu ya jambo moja tu la nyumba, nalo ni kupaka rangi.

Utauliza, bwana shamba ana habari gani na rangi? Sababu ni fedha. Mkulima wa Bukima hapati mshahara kila mwezi. Hupata fedha akiuza pamba, mihogo au ng'ombe. Mvuvi naye hupata siku ziwa likimpa. Fedha zikija, sehemu kubwa huingia katika nyumba: bati, saruji, milango, na mwisho rangi. Fedha zikiharibika ukutani, hazirudi mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo kulinda fedha za mavuno ni kazi ya kilimo pia.

Leo nataka tukubaliane juu ya jambo moja. Kabla ya kumpa fundi kazi ya rangi, iandike kazi hiyo katika karatasi. Usiandike bei peke yake. Andika kazi yenyewe.

NENO "VIZURI" HALIPIMIKI

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana nyumba ya matofali ya kuchoma. Ina vyumba vitatu, imepigwa plasta na kuezekwa bati. Anamwita fundi. Fundi anaamkia, mama anaitikia.

"Mwanangu, nataka unipakie nyumba hii rangi nzuri."

"Hakuna neno, mama. Nitakupakia vizuri."

"Utataka kiasi gani?"

Fundi anataja bei. Mama anaomba apunguziwe. Wanapatana. Mama anatoa nusu ya fedha, na fundi anaanza kazi.

Baada ya siku tano fundi anasema amemaliza. Mama anazunguka nyumba. Anaona milango haijapakwa rangi. Anaona nyufa zimepakwa juu juu, hazikuzibwa. Akisimama juani anaona plasta ya zamani inaonekana chini ya rangi, kwa sababu rangi imepita mara moja tu.

"Mwanangu, mbona milango umeiacha?"

"Mama, tulipatana kuta."

"Mimi nilisema nyumba. Nyumba haina milango?"

"Milango ni rangi ya mafuta, mama. Ile ni bei nyingine."

Sasa ugomvi umeanza. Mama anazuia fedha iliyobaki. Fundi anasema ameonewa. Majirani wanajaa, kila mmoja ana upande wake.

Ndugu msomaji, nani mwongo hapa? Hakuna mwongo. Mama alipotamka "nyumba nzuri" aliona katika mawazo yake kuta, milango, madirisha na nyufa zilizozibwa. Fundi aliposema "vizuri" aliona kuta tu, tena kwa mkono mmoja wa rangi, kulingana na bei aliyopunguziwa. Kila mtu alipatana na picha yake mwenyewe. Neno lilikuwa moja, lakini kazi zilikuwa mbili.

Neno "vizuri" halina kipimo. Sisi wakulima tunalijua jambo hili. Kwa miaka mingi wakulima wa pamba wa kanda yetu hawakuambiwa, "Pandeni vizuri." Waliambiwa: sentimita 90 kutoka mstari hadi mstari, na sentimita 40 kutoka shina hadi shina. Mtu akitaka kujua kama shamba limepandwa sawa, anachukua kamba na kupima. Hakuna haja ya kugombana. Rangi nayo inataka kamba yake. Kamba ya rangi ni karatasi ya kazi.

WAZEE WETU WALIDAI KIPIMO

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilalamikia mizani ya wanunuzi. Mkulima alileta pamba yake, mnunuzi akapima, naye mkulima akapewa fedha bila kuwa na hakika ya uzito. Wakulima wakaungana katika vyama vyao. Kati ya viongozi wao alikuwamo Paul Bomani, aliyezaliwa Ikizu, hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunda shirikisho lao kubwa, lililojulikana kwa kifupi kama VFCU.

Wakulima wale hawakuishia kumwomba mnunuzi awe mtu mwema. Walitaka mizani ionekane na pande zote mbili. Mizani ikionekana, mtu mwema hana wasiwasi, na mtu mbaya hana pa kujificha.

Jambo la pili ni kisomo. Kwa hesabu za Serikali, mwaka 1967 karibu watu wazima 67 katika kila 100 nchini Tanzania walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1968 Serikali, kwa msaada wa UNESCO, ilianza mradi wa majaribio wa kisomo katika mikoa ya kanda ya ziwa. Mkoa wa Mara ulikuwa mmojawapo. Watu hawakufundishwa herufi tupu. Walisoma vitabu vya kulima pamba, kuvua samaki na kufuga ng'ombe. Elimu hiyo iliitwa kisomo chenye manufaa. Mwaka 1981 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua na kufikia karibu 21 katika kila 100.

Basi wewe unayesoma ukurasa huu leo, una kisomo. Kipe manufaa. Karatasi ya kazi ni mahali pazuri pa kuanzia. Haihitaji maneno makubwa. Inahitaji majina, vipimo, hesabu na tarehe.

MAMBO YA KUANDIKA

Karatasi ya kazi ina mambo manane. Yasome polepole.

1. Mahali pa kupaka. Taja kila sehemu kwa jina lake. Kuta za ndani? Kuta za nje? Dari? Milango mingapi? Fremu na nondo za madirisha mangapi? Sehemu ya chini ya ukuta wa nje, ile inayorukiwa na matope ya mvua, itapakwa rangi gani? Andika pia sehemu ambazo hazitapakwa. Kitu kisichotajwa ndicho huleta ugomvi.

2. Matayarisho ya ukuta. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Rangi hushika kitu kilicho chini yake. Kama chini ni vumbi, rangi imeshika vumbi. Vumbi likianguka, rangi inaanguka nalo. Kwa hiyo andika: rangi ya zamani inayobanduka itaondolewa, kuta zitasafishwa, nyufa na matundu yatazibwa, kisha ukuta utasuguliwa kwa msasa. Chuma chenye kutu kisuguliwe mpaka kutu itoke. Kisha kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho.

Kama plasta ni mpya, ingoje ikauke. Kipimo kinachotumiwa sana ni siku 28. Ukuta wenye unyevu husukuma rangi ikatoka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kama ukuta unavuja maji kutoka kwenye bati au unanyonya maji kutoka chini, tengeneza bati au msingi kwanza. Rangi haizibi tundu la bati.

3. Aina ya rangi. Rangi ya maji hutumika zaidi kwenye kuta. Rangi ya mafuta hutumika zaidi kwenye mbao na chuma, na sehemu za ukuta zinazooshwa mara kwa mara. Ya nje iwe imeandikwa kwamba ni ya nje, kwa sababu inakutana na jua na mvua. Andika jina la kiwanda, aina, jina la rangi na namba yake kama vilivyo kwenye kopo. Ukiandika "bluu" tu, dukani Musoma utakuta bluu nyingi.

4. Idadi ya mikono. Mkono mmoja ni kupaka ukuta wote mara moja. Mafundi wengine huita koti. Andika: mkono mmoja wa rangi ya kwanza ya kushikilia, kisha mikono miwili ya rangi ya mwisho. Mkono wa pili usipakwe kabla ule wa kwanza haujakauka. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye kopo. Kiasi cha maji ya kuchanganya nacho kimeandikwa hapo hapo. Rangi ikizidishwa maji huenda mbali, lakini haifuniki.

5. Vifaa ni vya nani. Nani ananunua rangi? Nani analeta brashi, rola, ngazi na msasa? Nani analipa nauli ya kuvileta kutoka Musoma mjini? Rangi ikibaki, ni ya nani? Kama fundi ndiye anayenunua, alete risiti. Makopo yafunguliwe mbele ya mwenye nyumba.

6. Muda. Andika siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Andika pia kwamba siku ya mvua haihesabiwi kwa kazi ya nje. Kwetu miezi ya kiangazi, hasa Juni mpaka Agosti, ni mizuri kwa kazi ya nje.

7. Malipo. Andika bei yote ya kazi kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha igawe kwa hatua za kazi. Usilipe yote mwanzoni. Wala usimwache fundi afanye kazi yote bila kulipwa kitu, kwa sababu naye ana watoto wa kulisha.

8. Kukagua na kumaliza. Nani atakagua? Atakagua wakati gani? Kagua mchana wenye mwanga, si jioni. Fundi atafunika au kutoa vyombo kabla ya kazi, na atasafisha matone ya rangi sakafuni na kwenye vioo. Andika pia kwamba sehemu iliyoachwa au kupakwa chini ya mapatano itarudiwa bila malipo mengine.

PIGA HESABU YA RANGI

Watu wengi humwuliza fundi, "Tununue makopo mangapi?" Kisha wanangoja jibu. Hesabu hii unaweza kuipiga mwenyewe. Chukua futi kamba na kalamu.

Tuseme chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Kuta zina kimo cha mita 2 na nusu.

Kwanza jumlisha kuta nne: 4 + 3 + 4 + 3 = mita 14.

Zidisha kwa kimo: 14 × 2.5 = mita za mraba 35.

Toa milango na madirisha. Mlango mmoja ni karibu mita 2 za mraba. Dirisha la mita 1 kwa mita 1 ni mita 1 ya mraba. Chumba kikiwa na milango miwili na dirisha moja, unatoa 5. Zinabaki mita za mraba 30.

Mikono ni miwili: 30 × 2 = mita za mraba 60.

Sasa soma kopo. Tuseme limeandika kwamba lita 1 inatosha mita za mraba 10. Gawanya: 60 ÷ 10 = lita 6.

Ukinunua makopo mawili ya lita 4, una lita 8. Zitabaki kama lita 2. Hapo unaona kwa nini tuliandika juu ya rangi inayobaki. Lakini kumbuka: ukuta wenye plasta mbaya mbaya hunywa rangi zaidi kuliko ukuta laini. Fundi akikuambia ukuta wako utataka zaidi, msikilize, lakini akuonyeshe kwa hesabu.

MFANO WA KARATASI

Hii ni karatasi ya kazi ya chumba kile kile. Bei yake ni ya mfano tu, ili tuone hesabu.

KARATASI YA KAZI YA RANGI
Mwenye nyumba: ................
Fundi: ................
Mahali: Bukima, kitongoji cha ................
Tarehe ya mapatano: ................

Kazi: Kupaka rangi kuta nne za sebule, upande wa ndani. Kupaka milango 2, pande zote mbili, pamoja na fremu zake. Dari haimo. Kuta za nje hazimo.

Matayarisho: Kuondoa rangi inayobanduka. Kuziba nyufa na matundu. Kusugua kwa msasa na kufuta vumbi. Mwenye nyumba atakagua kabla rangi haijaanza.

Rangi: Kuta, rangi ya maji ya ndani, kiwanda ........, namba ........ Milango, rangi ya mafuta, kiwanda ........, namba ........

Mikono: Mkono 1 wa rangi ya kwanza, mikono 2 ya rangi ya mwisho.

Vifaa: Mwenye nyumba atanunua rangi na msasa. Fundi ataleta brashi, rola na ngazi. Rangi itakayobaki ni ya mwenye nyumba.

Muda: Kuanza tarehe ........ Kumaliza tarehe ........

Malipo ya ufundi: Shilingi 120,000 (shilingi laki moja na elfu ishirini). Matayarisho yakikaguliwa, shilingi 40,000. Mkono wa kwanza wa rangi ya mwisho ukimalizika, shilingi 40,000. Kazi yote ikikaguliwa, shilingi 40,000.

Sahihi ya mwenye nyumba: ........ Sahihi ya fundi: ........
Shahidi wa kwanza: ........ Shahidi wa pili: ........

Andikeni karatasi mbili zilizo sawa. Moja aweke mwenye nyumba, moja aweke fundi. Kila fedha inapotolewa, iandikwe katika karatasi zote mbili pamoja na tarehe, na aliyepokea atie sahihi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

KARATASI INASAIDIA KUPATA BEI YA HAKI

Karatasi hii ina faida nyingine kabla hata kazi haijaanza. Waonyeshe mafundi wawili au watatu karatasi ile ile. Kila mmoja ataje bei yake.

Bila karatasi, fundi mmoja anasema 80,000 na mwingine anasema 120,000. Wewe unakimbilia 80,000. Hujui kwamba wa kwanza amehesabu mkono mmoja bila msasa, na wa pili amehesabu mikono yote pamoja na kuziba nyufa. Umelinganisha mbuzi na ng'ombe. Ukiwa na karatasi, wote wanataja bei ya kazi moja. Sasa bei zinalinganishika. Kama mmoja yuko chini sana, muulize sababu. Huenda hakuisoma karatasi yote.

Usimtazame bei peke yake. Nenda ukaone nyumba aliyoipaka mwaka jana au mwaka juzi. Nyumba iliyopakwa jana huwa nzuri siku zote. Ukuta uliokwisha pitiwa na masika ndio unaosema ukweli.

KARATASI INAMLINDA FUNDI PIA

Mafundi wengine husikia karatasi wakafikiri wanatiliwa shaka. Ndugu fundi, hebu fikiri. Ni mara ngapi mwenye nyumba amekuambia kazi ikiwa katikati, "Malizia na jiko hapo, ni padogo tu"? Kisha, "Na choo pia." Mwisho wa kazi umepaka sehemu tatu zaidi kwa bei ile ile. Ukikataa, unaitwa mvivu.

Karatasi inakupa jibu la adabu. "Baba, jiko halimo katika karatasi yetu. Tuliongeze, tuandike na bei yake." Kazi ikiongezwa, andikeni mstari mpya chini, nyote mtie sahihi. Mwenye nyumba akibadili rangi baada ya ukuta kupakwa, hiyo nayo ni kazi mpya.

Vilevile karatasi inamlinda fundi dhidi ya mtu anayesema mwishoni, "Sikupenda," ili asilipe. Kupenda hakumo katika karatasi. Iliyomo ni mikono, matayarisho na sehemu zilizotajwa. Kama vyote vimetimizwa, fundi alipwe.

"LAKINI FUNDI NI NDUGU YANGU"

Najua wengi watasema hivyo. Katika kijiji karibu kila fundi ni ndugu, shemeji, au mtoto wa jirani. Tutaandikianaje karatasi?

Tazama mahari. Hapa mkoani Mara ng'ombe wa mahari huhesabiwa mbele ya wazee wa pande mbili. Mkubwa anajulikana, mdogo anajulikana, aliyebaki kudaiwa anajulikana. Hakuna mkwe anayesema, "Mnanihesabia ng'ombe, basi hamniamini." Watu wanahesabu kwa sababu wanataka undugu udumu. Ugomvi wa shilingi 40,000 umewahi kuwanyima watu salamu kwa miaka. Karatasi moja ingeokoa undugu huo.

Na kama fundi hajui kusoma? Asomewe polepole na mtu anayemwamini yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi, kisha atie dole gumba. Ni vivyo hivyo kwa mwenye nyumba. Mtu asitie sahihi wala dole katika jambo asilolielewa. Kuuliza si ujinga.

Kisheria, mapatano ya mdomo nayo ni mkataba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inatambua mapatano ya watu wazima wenye akili timamu walioridhika kwa hiari yao. Lakini ukifika mbele ya wazee au Mahakama ya Mwanzo, utaulizwa: mlipatana nini? Wewe utasema hivi, mwenzako atasema vile. Aliye na karatasi yenye sahihi na mashahidi ana la kuonyesha. Asiye nayo ana maneno tu. Hata hivyo, lengo la karatasi si kwenda mahakamani. Ni kutokuwa na haja ya kwenda.

AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Mambo mawili ya afya yasisahauliwe.

La kwanza ni madini ya risasi. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani, zina risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili. Watoto wadogo huumia zaidi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua. Kwa hiyo nunua rangi yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Rangi ya zamani inapoondolewa, lowesha ukuta kwanza ili vumbi lisiruke. Watoto na wajawazito wakae mbali. Mabaki yakusanywe, yasimwagwe shambani wala ziwani. Makopo matupu ya rangi yasitumike kuchotea maji ya kunywa wala kuwekea chakula.

La pili ni dawa ukoko. Mkoa wa Mara ni miongoni mwa mikoa ambayo nyumba zimewahi kupuliziwa dawa hiyo ukutani ili kuua mbu wa malaria. Dawa ikifunikwa na rangi, mbu haigusi. Kama kijijini kwenu kuna mpango wa kupulizia, paka rangi kwanza, ikauke, ndipo dawa ifuate. Muulize mhudumu wa afya kabla ya kupanga tarehe na fundi.

NYUMBA YA WOTE

Mwisho tuseme juu ya nyumba zetu sote: madarasa, zahanati na ofisi ya kijiji. Hizi nazo hupakwa rangi, mara nyingi kwa michango na nguvu za wananchi. Hapo karatasi ya kazi ina uzito zaidi, kwa sababu fedha ni za wengi. Isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji kabla fundi hajapewa kazi. Nakala ibandikwe mahali pa matangazo. Mwananchi akipita darasani aweze kuhesabu mwenyewe: milango ilikuwa sita, iliyopakwa ni mingapi? Kijiji chenye watu wanaosoma ni vigumu kukidanganya.

Ndugu msomaji, karatasi hii si ya rangi tu. Ukiizoea, utaitumia kwa fundi wa kuezeka, kwa mchonga madirisha, kwa mchimba kisima na kwa mwenye trekta la kulima. Kila mara uliza maswali yale yale: kazi gani, wapi, kwa vipimo gani, kwa vifaa vya nani, lini, na kwa malipo gani. Halafu andika majibu kabla fedha haijatoka mkononi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano wetu, mama na fundi walisahau kupatana juu ya mambo gani?

2. Chumba kina urefu wa mita 5, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Kina mlango 1 na madirisha 2 ya mita 1 kwa mita 1. Kopo linasema lita 1 inatosha mita za mraba 10. Kwa mikono miwili itatakiwa rangi kiasi gani?

3. Kwa nini ni hatari kulipa fedha zote kabla ya kazi? Kwa nini si haki kumlipa fundi mwishoni tu?

4. Andikeni karatasi ya kazi ya kupaka rangi darasa moja la shule ya kijiji chenu. Kila mmoja aandike yake, kisha mlinganishe. Mtaona yale ambayo kila mmoja amesahau.